Nilijikata bangs saa nne usiku, na bado nasema: kata

Tuanze na ushahidi. Saa nne usiku, Uriri, mvua inanyesha na stima imepotea, si unajua vile hizo mbili hupenda kutembea pamoja. Simu iko asilimia 31. Kioo nimekiegemeza kwa mtungi wa maji. Mkononi nina mkasi wa mama wa kukatia vitambaa, ule ambao ukishikwa nao ukikata karatasi unaweza kulala nje.

Mchana huo nilikuwa nimeangalia video moja mara sita. Dem wa kwenye video alikuwa na nywele za singa, zinaanguka kama pazia. Alizilowesha, akazichana zije mbele, akapima kwenye nyusi, akakata. Kach. Sekunde 40. Akatingisha kichwa, zikakaa fiti, akatabasamu. Nikajiambia, kwani mikono yangu mimi ni ya kukopa?

Nikazilowesha. Nikazichana zije mbele. Nikapima kwenye nyusi. Kach.

Kwa dakika kama kumi nilikuwa mrembo kuliko mtu yeyote katika Kaunti ya Migori.

Halafu zikakauka.

Yawa. Zilipanda. Sijui niseme aje. Zile nywele zilizokuwa zimegusa nyusi zilianza kurudi juu polepole kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu nyumbani. Kufika saa tano zilikuwa zimesimama juu ya paji la uso kama brashi ya kusugua sufuria, upande wa kushoto mrefu, upande wa kulia mfupi, katikati sijui hata ni nini. Asubuhi mama aliniangalia kichwa, akaangalia meza, akauliza swali moja tu: "Umekatia nini na mkasi wangu?"

Nilipiga picha nikaweka mtandaoni, mlicheka, na mimi nilicheka. Tangu hapo kila wiki kuna mtu ananiuliza: nikate ama nisikate? Nilikuwa nimeahidi kujibu, na jibu langu ni kata. Lakini nisikilize hadi mwisho, kwa sababu baada ya zile picha kuna kitu kingine kilitokea nyumbani kwetu, na hicho sikuwaambia.

Kwanza tumalize mambo ya mkasi.

Kosa langu halikuwa mkono kutetemeka. Kosa langu lilikuwa kufuata maagizo ya kichwa cha mtu mwingine. Nywele zetu za kipilipili zinaota zikijikunja. Ukizimwagia maji na kuzivuta kwa kitana zinanyooka, zinakudanganya kwamba ni ndefu. Zikikauka zinarudi kwa mikunjo yake, na urefu unaouona unaweza kupungua zaidi ya nusu. Nywele za singa hazifanyi hivyo sana, kwa hiyo yule dem hakunidanganya. Alikuwa anaongea na watu wa kwao.

Haya yote niliambiwa na aunty mmoja wa saluni Migori mjini, kesho yake, nikiwa nimefunga kitambaa kichwani kama mtu anayeficha mzigo wa magendo. Nilipokifungua, aunty aliniangalia kwa kioo, akauliza, "Nyathina, nani amekufanyia hivi?"

"Ni mimi, aunty."

"Afadhali. Ungekuwa umelipa mtu ningekasirika."

Akanikalisha chini akanifundisha. Nami nawapa bure:

Moja. Kata zikiwa kavu. Kichwa cha kipilipili hakikatwi bangs kikiwa kimelowa, isipokuwa unataka yangu.

Mbili. Zitengeneze kwanza vile utakavyozivaa. Kama utavaa afro, kata zikiwa afro. Kama utapiga pasi, piga pasi kwanza ndio ukate. Na ukikata zilizopigwa pasi, kumbuka jasho na mvua vitazirudisha juu, na mvua ya huku haiulizi.

Tatu. Usishike nywele zote za mbele. Tenga pembetatu ndogo: ncha moja juu ya kichwa, ncha mbili pale nyusi zinapoishia. Zingine zote funga nyuma kabisa, ndio usizikate kwa bahati mbaya.

Nne. Kata chini ya pale unapopataka. Kama unataka zifike kwenye nyusi, anza kwenye pua. Shika mkasi wima na udonoe ncha kidogo kidogo. Ule mstari mmoja wa kach ndio uliniua mimi.

Tano. Tumia mkasi wa nywele. Mkasi uliochoka kwa kazi zingine hautakati, unatafuna, na ncha zinapasuka.

Sita. Usikate usiku, usikate ukiwa umeachwa, usikate stima ikiwa imepotea.

Na kama bado unaogopa, kuna wigi. Wigi za bangs zimejaa soko zote. Lakini wigi ikikatwa vibaya imeenda, haioti. Kichwa chako angalau kinasamehe: karibu sentimita moja kwa mwezi. Bangs zangu ziliharibika Desemba, na kufika katikati ya mwaka nilikuwa nimezisuka na mistari ya kawaida, hakuna aliyejua. Nusu mwaka. Hiyo ndiyo bei ya ujinga wangu wote.

Sasa, najua nyinyi wa "si ungeenda tu saluni." Nawasikia. Aunty wa saluni pia anahitaji kula, na mkono wake unajua vitu ambavyo video haijui. Nikiwa na pesa naenda kwake, na nyinyi nendeni. Lakini tusijifanye kila msichana wa hapa ana nauli ya kwenda Migori na kurudi, na pesa ya kichwa juu yake, kila akijisikia kubadilisha sura. Wengi tunasukana sisi wenyewe kwa mlango, mmoja amekaa kwa kigoda, mwingine amembana kichwa kwa magoti, na malipo ni chai. Kukata bangs nyumbani ni mtoto wa hiyo hiyo desturi.

Na hata ningekuwa na pesa, kuna sababu nyingine ya kusema kata. Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Nikikuuliza, wewe uliyesoma shule za kawaida za serikali hapa kwetu, ni lini mara ya kwanza uliamua nywele zako ziweje? Mimi nilikuwa nimemaliza KCSE, Novemba 2023. Kabla ya hapo, tangu darasa la kwanza, nywele zangu zilikuwa za shule. Fupi. Likifungwa shati, zikivaliwa soksi nyeupe, na nywele fupi, umekamilika. Likizo zikiota kidogo, wiki ya kufungua shule baba ananipa pesa ya kinyozi pamoja na pesa ya sabuni, kwa bajeti moja.

Mara moja tu zilitoroka. Machi 2020 nilikuwa Kidato cha Kwanza, hata sare haijazoea mwili, korona ikaingia Kenya na shule zikafungwa nchi nzima. Kule Ulaya na Marekani saluni zilifungwa, watu wakaanza kujikata bangs bafuni na kurekodi, na nadhani ile homa yote ya bangs za nyumbani tunayoiona hadi leo ilipata nguvu pale. Kibera wasusi walibuni mtindo wa nywele zilizosimama kama kile kirusi chenyewe, na ulikuwa unasukwa kwa shilingi 50 tu. Sisi huku Uriri tulikuwa tunapalilia miwa na kungoja redio iseme tunarudi lini. Na nywele zangu zikawa zinaota. Aprili, Mei, Juni. Dada wa jirani akanisuka matuta ya kwanza ya maisha yangu. Nikajua kumbe nina nywele nyingi kisogoni kuliko mbele. Nikajua zinapenda mafuta gani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nakutana na kichwa changu.

Kidato cha Nne, darasa la nane na Gredi ya Nne walirudi Oktoba. Sisi wengine tulirudi tarehe 4 Januari 2021. Siku moja kabla, nilikaa kwa kinyozi, miezi tisa ikaanguka sakafuni, akaifagia na nywele za wanaume wengine. Nilipofika nyumbani, dani alikuwa ameketi nje. Aliniangalia akauliza, "Nani amekufa?"

Alikuwa anatania, lakini nusu tu. Kwa Waluo wa umri wake, kunyoa kichwa chote ni jambo la msiba. Mtu akizikwa, baada ya siku kadhaa watu wa nyumba wananyolewa, na hizo nywele zikiota tena ni ishara kwamba maisha yanarudi. Kwake yeye kichwa kinanyolewa kwa sababu nzito. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa, dani. Ni shule tu." Akasema, "Hm."

Hiyo "hm" bado naisikia.

Kwa hiyo ile usiku ya mkasi wa mama, mimi sikuwa nakata bangs tu. Ilikuwa mara ya kwanza mkasi unaingia kwa nywele zangu na mkono ulioushika ni wangu. Ndiyo maana sikulia. Niliharibu, sawa, lakini niliharibu changu. Nikacheka, nikapiga picha, nikawapa mcheke na mimi. Mtu anaweza kucheka kosa lake mwenyewe. Hilo ndilo nilikuwa nataka kuandika hapa, nimalize, niende nikalale.

Halafu mdogo wangu akanyolewa.

Yuko Kidato cha Pili, shule moja ya bweni, jina sitaji, na msiulize. Alikuwa nyumbani likizo, ameona bangs zangu zikiharibika na ameona zikirudi. Siku moja akaniambia, "Siste, nikate na mimi, kidogo tu, za likizo." Nywele zake zilikuwa inchi chache, likizo ya mwaka uliokuwa umeisha hakunyoa na mtu hakumsumbua. Nikafuata masharti ya aunty yote. Kavu. Pembetatu. Anza kwenye pua. Zilitoka safi, afro ndogo yenye paji la mviringo, akawa anajiangalia kwa kila kitu kinachong'aa, hadi kwa sufuria.

Tulikubaliana atanyoa Jumapili, kabla ya kurudi shule. Jumapili kinyozi wa hapa alikuwa amefunga, alikuwa matangani. Nikamwambia, sawa, zipunguze tu na mkasi, nitakusaidia. Nikazipunguza. Niliona ni fupi vya kutosha. Neno langu hilo: vya kutosha. Mimi ndiye niliyepima.

Getini hazikutosha. Walitolewa kwa mstari wasichana kama kumi na mmoja, wakapigishwa magoti, na mwalimu akapita na mkasi. Hakuwanyoa. Angewanyoa ningenyamaza, sheria ni sheria. Alichofanya ni kupitisha mkasi katikati, kutoka paji hadi utosini, barabara moja ya kipara, halafu pande zote mbili akaziacha vile zilivyo. Akawaambia waende hivyo gwarideni. Wakakaa hivyo hadi jioni, darasani, kwa mlo, mbele ya shule nzima, ndio wakaruhusiwa kunyolewa zilizobaki.

Haya nilikuja kuyajua siku ya kutembelea wanafunzi. Hakunisimulia hata. Nilimuuliza kwa nini amefunga sweta kichwani na jua ni kali, akasema, "Zinawasha tu." Rafiki yake ndiye aliyesema. Mdogo wangu alikuwa anaangalia chini, anachora mchanga na kiatu. Nikamwambia pole, ni mimi nilikosea kipimo. Akaniambia, "Si wewe. Wewe ulikuwa unaniuliza kila ukikata. Hapa, ama pale?"

Nimeandika hiyo sentensi kwa ukuta wa chumba changu. Wewe ulikuwa unaniuliza kila ukikata.

Fikirieni. Kichwa changu kiliharibiwa vibaya kuliko chake. Ukiweka picha mbili pamoja, yangu ndiyo kituko. Lakini mimi nilipata vicheko na wafuasi wapya, na yeye amepata tabia ya kufunga sweta kichwani. Mkasi ni mkasi. Tofauti ni kwamba mimi niliulizwa, na mimi.

Najua kuna watu watakuja hapa na "shule ni nidhamu." Basi tuongee taratibu, bila matusi.

Mimi sisemi shule ziruhusu bangs. Kweli kabisa. Naelewa kwa nini shule ya bweni inataka nywele fupi. Maji ni ya kubeba kwa ndoo. Kulala ni saa nne na kuamka ni alfajiri. Kuna msichana ambaye mamake anaweza kumlipia rasta za elfu mbili na kuna ambaye mamake anahesabu sabuni, na nywele fupi zinawafanya wakae dawati moja bila mmoja kujificha. Nilikaa na hizo nywele fupi miaka kumi na miwili na sikufa. Mkitaka kubishana kuhusu hiyo kanuni, bishaneni, kuna hoja pande zote.

Ninachokataa ni ile barabara ya katikati. Kanuni inasema nywele ziwe fupi. Hakuna kanuni inayosema mtoto apitishwe gwarideni akiwa nusu kipara ndio wengine wajifunze. Kinyozi yuko kwa dakika tano. Ukitaka nywele zake ziwe fupi, mpeleke anyolewe, zitakuwa fupi. Ukimwacha nusu hadi jioni, basi hukuwa unataka nywele. Ulikuwa unataka aone haya.

Na hiyo, wasee, sheria yetu imeshaiongelea. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, Kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima yake ya asili na ana haki iheshimiwe. Haijasema isipokuwa Kidato cha Pili. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya adhabu za kinyama. Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36: mwanafunzi hatapewa adhabu ya kudhalilisha kwa namna yoyote, iwe ya mwili ama ya kisaikolojia, na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini hadi shilingi laki moja, ama kifungo hadi miezi sita, ama vyote. Soma tena hapo kwa kisaikolojia. Mkasi haukumchubua mdogo wangu hata kidogo. Bado uliingia.

Nywele zimeshafika mahakamani, msifikirie ni mambo ya dem wa mtandaoni. Januari 2019, Shule ya Upili ya Olympic pale Kibra ilimrudisha nyumbani msichana wa Kidato cha Kwanza kwa sababu ya rasta zake, na yeye na familia yake ni waumini wa Rastafari. Septemba mwaka huo, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki zake zilivunjwa na arudi asome. Kesi hiyo ilihusu dini, mitindo haikuwemo, kwa hiyo usikimbie nayo kwa mwalimu mkuu ukitetea bangs. Lakini iliweka jambo moja wazi: kichwa cha mwanafunzi hakiachi kuwa chake akipita geti. Afrika Kusini, Agosti 2016, wasichana wa Pretoria High School for Girls waliandamana na afro zao wakisema wamechoka kuambiwa nywele zao ni chafu. Walikuwa watoto, na nchi nzima ilisikiliza.

Na usidhani ukiwa mkubwa yanaisha. Lupita Nyong'o, nyar Luo, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o wa Kisumu, alikuwa na Oscar mkononi tangu 2014. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamweka kwenye jalada, wakafuta sehemu ya nywele zake kwa kompyuta na kulainisha zilizobaki, bila kumuuliza. Alilalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Kama Lupita na Oscar yake hakuulizwa, mdogo wangu wa Kidato cha Pili angeulizwa na nani?

Sasa tufanye nini? Nimeulizana na watu wanaojua kuliko mimi, na haya ndiyo tunafanya nyumbani kwetu.

Mama ataongea kwenye mkutano wa wazazi. Hataenda kupigana. Ataomba kitu kimoja kiandikwe: mwanafunzi mwenye nywele ndefu apelekwe kunyolewa, na nywele zinyolewe zote, faraghani, na mtu anayejua kunyoa. Ni sentensi moja. Haigharimu shule chochote. Baba mwanzoni alisema tusimwletee mtoto shida, walimu watamweka alama. Nilimwelewa, hiyo hofu wazazi wengi wanayo na si ya bure. Ndiyo maana mama ametafuta wazazi wengine wanne wa wale wasichana kumi na mmoja, ndio isiwe mtoto mmoja.

Na wewe unayesoma hii ukiwa bado shuleni, kama ni wewe ulipigishwa magoti: haukuwa mjinga, na hukuistahili. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Kama hayuko, namba ya msaada kwa watoto ni 116, ni ya bure, inapigwa kwa simu yoyote.

Walimu wanaonifuata pia mpo, nawajua, na wengi wenu mlinifundisha vizuri. Kuna mwalimu mmoja wa zamu wakati nikiwa Kidato cha Pili, akipata msichana mwenye nywele ndefu anamwita kando, anampa hadi jioni ya kesho, na ukikosa pesa anaongea na kinyozi wa shule mwenyewe. Nywele zetu zilikuwa fupi kama za shule nyingine yoyote. Hakuna aliyefunga sweta kichwani.

Kwa hiyo jibu la lile swali lenu. Ndiyo, kata. Umemaliza shule, uko nyumbani, kichwa ni chako, mkasi upo. Kata zikiwa kavu, anza kwenye pua, omba ruhusa ya mkasi kwa mwenye mkasi. Ukiharibu, karibu kwenye chama, tuko wengi, miezi sita itapita. Lakini siku mtu mdogo kwako akikaa kwa kigoda mbele yako na kukupa kichwa chake, iwe ni kumsuka, kumkata ama kumnyoa, muulize kila ukikata. Hapa, ama pale? Inachukua sekunde moja.

Mdogo wangu amefunga shule wiki iliyopita. Nywele zimeota kidogo, ile barabara ya katikati haionekani tena, ila ukipitisha kidole unaisikia, ni fupi kuliko pande. Jana jioni alikuja akasimama nyuma yangu nikiwa nachana zangu. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Nipe kitana."

Nikampa. Sikuuliza anataka kufanya nini nazo.